Wanasema amebemendwa, kumbe ni moyo

Mwezi huu barua karibu zote zimekuja na jambo moja, watoto waliozaliwa na shida ya moyo. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu na mnisamehe kwa hilo, najua kuna nyumba nyingi tu mtoto yuko hivyo hivyo na hajatokea mtu wa kumuwekea kipimo kifuani akamsikiliza.

Swali

Shikamoo Mama Nesi. Mimi nipo Kahama, nina mtoto wa kiume ana miezi 7. Alizaliwa na kilo 3.1 vizuri kabisa hana shida, akanyonya vizuri mpaka kwenye arobaini, baada ya hapo ndo akaanza kubadilika, akinyonya anachoka anaachia ziwa anahema, jasho linamtoka kichwani mpaka khanga inalowa, kilo hazipandi sasa hivi ana 4.8, nimonia ameugua mara 3 na amelazwa mara 2. Mama mkwe anasema mtoto amebemendwa, yani sisi wazazi tumemharibu, na mbaya zaidi ananiangalia mimi peke yangu kama vile nimetoka nje ya ndoa, Mungu ni shahidi yangu sijafanya hicho kitu. Alinipa dawa ya kumuogeshea nimeitumia wiki 3 hamna mabadiliko, sasa wanataka akakatwe kimeo. Wiki iliyopita daktari wa hospitali ya wilaya alimsikiliza akasema moyo una sauti isiyo ya kawaida, akatuandikia rufaa ya Bugando. Mume wangu anasema tusubiri tuvune mpunga kwanza maana hela hamna. Mama naomba uniambie ukweli, ni mimi nimemharibu mwanangu?

Jibu

Marahaba mwanangu. Naanza na hilo la mwisho. Hapana, sio wewe, sio mume wako, na hakuna mtu aliyelala na nani akamtoboa mtoto moyo. Moyo wa mtoto unajitengeneza wiki za mwanzo kabisa za ujauzito, wiki ya nane umeshajigawa vyumba vyake vinne, wakati huo wanawake wengi hata hatujajijua kama tuna mimba. Kama kuna ukuta haukufunga vizuri basi ulibaki hivyo tangu hapo, kabla hajazaliwa, kabla ya hiyo arobaini. Na sio jambo la ajabu, katika kila watoto 100 wanaozaliwa karibu mmoja anakuwa na kasoro ya moyo, ndogo au kubwa, na wengi sababu yake haijulikani. Zinazojulikana ni kama rubela kumpata mama mimba ikiwa changa, kisukari kisichodhibitiwa, pombe, baadhi ya dawa, na watoto wenye hali ya Down (Down syndrome), karibu nusu yao wanazaliwa na shida ya moyo.

Sasa nikueleze kwa nini alikuwa mzima mpaka arobaini, maana hapo ndo watu wanapopotea. Siwezi kukwambia kwa barua ana nini hasa, hiyo ni kazi ya eko, kile kipimo cha kuupiga moyo picha, ila dalili ulizoandika zote ni za moyo na inayoongoza kwa kuonekana ni tundu kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini. Chumba cha kushoto kinasukuma damu mwili mzima kwa nguvu kubwa, cha kulia kinasukuma kwenye mapafu tu kwa nguvu ndogo. Kukiwa na tundu, damu inatoka kushoto inarukia kulia, inakwenda kujaa kwenye mapafu. Ila mtoto akiwa mchanga kabisa mishipa ya mapafu yake bado imebana, kwa hiyo hakuna damu nyingi ya kupita kwenye lile tundu, mtoto ananyonya analala kila mtu anafurahi. Ikifika mwezi wa kwanza kwenda wa pili ile mishipa inalegea, damu inafunguka kama maji ya jaruba lililobomoka tuta, mapafu yanalowa, mtoto anaanza kuhema na kukonda.

Angalia ni muda gani huo, ni arobaini inapoisha. Na arobaini ikiisha ndo mume na mke wanarudiana. Kwa hiyo anayetazama kwa nje anaona hawa wamerudiana na mtoto kaanza kuharibika, basi wao ndo wamembemenda. Bibi zetu hawakuwa wajinga, waliona kitu cha kweli kwa macho yao, ila sababu waliyoishika sio yenyewe, na aliyelipa siku zote ni mama. Msomee mama mkwe hapa, msomee taratibu, usimsomee kwa hasira, yeye pia anampenda mjukuu wake.

Na mimi pia sina usafi kwenye hili. Miaka ya mwanzo nikiwa wodi ya watoto alikuja mama na binti wa miezi 5 amekonda, anatoka jasho kwenye paji la uso hivyo hivyo, nikamfundisha uji wa lishe na jinsi ya kumpakata wakati wa kunyonyesha, nikamuandikia kwenye kadi kwamba amepewa elimu, nikamruhusu aende. Sikumvua nguo nikahesabu anavyohema. Alirudi baada ya wiki 6 na hakutoka tena. Ndo maana nawaandikia nyie mnaonisoma na watoto wenu mapajani, fanyeni nilichoacha kufanya: mtoto akiwa amelala, mfungue kifua, washa saa ya simu, hesabu anavyopanda na kushuka dakika nzima, sio nusu mara mbili. Wa chini ya miezi 2 akifika 60, wa miezi 2 mpaka mwaka akifika 50, huyo anahema kwa kasi, na kama hana homa wala mafua bado anahema hivyo basi sema neno moyo mbele ya daktari, litamke wewe mwenyewe.

Kimeo usikubali. Kimeo kila mtu anacho, kile kinachomfanya akohoe kiko kwenye mapafu yaliyojaa, sio kooni. Mtoto wa kilo 4.8 akikatwa kwa wembe akavuja damu hana akiba ya kuvuja, na jeraha likiingia wadudu wanakwenda kwenye damu na wanapenda sana kukaa kwenye moyo wenye kasoro.

Kuhusu kusubiri mpunga. Najua mpunga ndo ada ya shule na ndo bati la nyumba, sikuambii kirahisi. Kuna matundu madogo yanafunga yenyewe, mtoto anakua huku daktari anamwangalia tu kila baada ya miezi kadhaa, ila hao hawakondi hivi wala hawaugui nimonia mara 3. Tundu kubwa lina saa yake. Damu ikiendelea kugonga mishipa ya mapafu kwa nguvu, ile mishipa inakuwa migumu na minene, inafika mahali presha ya mapafu inashinda ya mwili, damu inageuza njia, mtoto anaanza kuwa wa bluu midomo na kucha, vidole vinakuwa na vichwa kama vijiti vya ngoma. Hapo madaktari hawaruhusiwi tena kuziba lile tundu kwa sababu wakiliziba atakufa. Nimewaona watoto wa miaka 8, miaka 10, wameletwa na hela imeshapatikana, ng'ombe wameshauzwa, baba ameshika bahasha, anaambiwa haiwezekani tena. Ndo kitu kinauma kuliko vyote nilivyoona kazini. Wako ana miezi 7 na tundu kubwa kwa kawaida linatakiwa lizibwe ndani ya mwaka wa kwanza, kwa hiyo muda anao ila sio wa kuchezea. Panda gari wiki hii. Mpunga shemeji anaweza kuusimamia.

Bugando watampiga eko, ni kama ile ya kuangalia mimba tu, wanapaka jeli kifuani wanapitisha kifaa, hakuna sindano wala kuchanwa, na ikionekana ni ya upasuaji wanaweza kumtuma Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Hiyo ilianzishwa 2015, kabla ya hapo watoto wengi walikuwa wanapelekwa India na wengine walikufa wakisubiri zamu. Matundu mengine wanaziba kwa kupitisha mrija kwenye mshipa wa pajani, wenyewe wanaita upasuaji wa tundu dogo, mengine mpaka kifua kifunguliwe, moyo usimamishwe na mashine ifanye kazi ya moyo na mapafu wakati wanashona kiraka.

Hela. Usiache kwenda kwa sababu umesikia ni mamilioni. Nenda na barua ya rufaa, kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa au tangazo la kizazi, kitambulisho cha NIDA cha mmoja wenu na barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza hali yenu, alafu ukifika ulizia ofisi ya ustawi wa jamii, usisubiri mpaka upewe bili. Serikali inabeba sehemu, wafadhili wanabeba sehemu, na kuna nyakati wanakuja madaktari kutoka nje kufanya kambi za upasuaji pamoja na wa kwetu, hao watoto wanachaguliwa kutoka kwenye orodha. Aliyeko nyumbani hayupo kwenye orodha.

Mpaka siku ya safari mnyonyeshe mara nyingi kidogo kidogo, kichwa kikiwa juu, akichoka muache apumzike usimlazimishe, maziwa yaliyobaki kamua umpe kwa kikombe au kijiko ili asitumie nguvu ya kuvuta. Wakikupa Lasix, ile ya kukojoza maji, pima kwa siringi sio kwa kukisia, na usiache kumpa kwa sababu unamuona kachangamka, kachangamka kwa sababu ya dawa hiyo hiyo. Chanjo zote apate, ya nimonia na ya surua rubela hasa.

Swali

Assalaam alaykum Mama Nesi. Mie baba, niko Wete Pemba. Binti yangu ana miaka 4, midomo yake na kucha ni rangi ya zambarau, akikimbia hatua chache huchutama chini akapumua kisha akainuka. Tulivuka Unguja akapigwa eko, kwenye faili wameandika TOF, twasubiri zamu ya upasuaji. Wiki mbili nyuma asubuhi alilia kwa kunyimwa kitu, akageuka rangi, akalegea kabisa, majirani wakasema dege wakamfukiza. Aliamka baada ya muda lakini mie roho yangu haijatulia mpaka leo. Nifanye nini ikitokea tena? Na mwalimu wa chuoni, yaani madrasa, humgombeza kwa kuchutama, ni sawa?

Jibu

Waalaykum salaam baba. Mwalimu umwambie kesho asubuhi, tena uende mwenyewe, yule mtoto akichutama anajitibu. Hakuna daktari aliyemfundisha, mwili wake umegundua. TOF ni mambo manne kwa pamoja, tundu kati ya vyumba vya chini, njia ya kwenda kwenye mapafu imebana, mshipa mkuu umekaa juu ya lile tundu, na ukuta wa kulia umekuwa mnene kwa kusukuma. Kwa hiyo damu ambayo haijapata hewa badala ya kwenda kwenye mapafu inapita kwenye tundu inarudi mwilini ikiwa nyeusi nyeusi, ndo hiyo rangi ya zambarau. Akichutama mishipa ya miguu inajikunja, damu inapata ugumu kwenda chini, inalazimika kupita njia ya mapafu. Basi.

Kwa hiyo ikitokea tena wewe ndo umchutamishe. Mbebe kifuani kwako mgongo wake ukiwa kwako, kunja magoti yake yaguse kifua chake, mshike hivyo hivyo, sema nae taratibu, na watu waliojaa chumbani watoke. Akiwa mdogo wa kulala unaweza kumlaza chali ukamkunja magoti. Asifukizwe, moshi unamnyang'anya hata ile hewa kidogo aliyonayo, wala asimwagiwe maji, wala kijiko kisiingie mdomoni. Rangi isiporudi ndani ya dakika chache, au akizimia, hospitali hapo hapo huku umemkunja, wakifika wampe oksijeni. Hayo hutokea sana asubuhi, baada ya kulia, kula au kwenda haja. Na hata akiamka mwenyewe lazima wale waliomuweka kwenye orodha wajue limetokea, piga simu au vuka tena, kwa sababu mtoto anayezimia sio sawa na asiyezimia, kuna dawa ya kuzuia wanaweza kumuanzishia na zamu yake inaweza kusogezwa. Wasipoambiwa hawajui.

Mambo mengine matatu baba. Maji anywe ya kutosha, damu ya watoto hawa ni nzito, akiharisha au kutapika usikae nae nyumbani, ORS na hospitali siku hiyo. Apimwe madini ya chuma, wingi wa damu unaweza kusoma juu na bado chuma hana. Na akipata homa na kichwa kikamuuma akawa anatapika, au upande mmoja wa mwili ukalegea, usisubiri kesho, wadudu au damu iliyoganda vinaweza kufika kwenye ubongo.

Ugonjwa huu sio mpya na wala sio wa kukatia tamaa. Daktari Mfaransa Fallot aliueleza 1888, ndo jina lake hilo kwenye ile F. Upasuaji wa kwanza wa kuwasaidia watoto wa bluu ulifanyika Novemba 1944 kule Baltimore, Marekani, wazo lilikuwa la daktari mama, Helen Taussig, aliyeshika kisu ni Alfred Blalock, na nyuma ya bega lake juu ya kistuli alisimama Vivien Thomas, mtu mweusi ambaye hakuwahi kusoma chuo cha udaktari ila yeye ndo aliyeufanyia majaribio upasuaji ule mara nyingi kwa wanyama, akawa anamuelekeza Blalock hatua kwa hatua. Miaka 10 baadaye, 1954, wakaanza kuurekebisha moyo wenyewe kwa ndani. Na kwa Zanzibar njia ipo miaka mingi, shirika la Save a Child's Heart limekuwa likiwachuja watoto pale hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na kuwapeleka Holon, Israel, na Muhimbili nako wanafanya. Binti yako si wa kwanza kupita hapo.

Swali

Mambo Mama Nesi, shikamoo. Nipo Mbagala nina miaka 25. Nilizaliwa na tundu kwenye moyo, nilifanyiwa upasuaji India nikiwa na miaka 8, nina kovu refu katikati ya kifua. Kliniki ya moyo mara ya mwisho nilienda nipo form two, niliona nimepona tu. Sasa nimechumbiwa, na ndugu wa mchumba wamesikia habari za moyo wanauliza kama naweza kuzaa na kama nitamzalia mgonjwa. Hivi mimi ni mgonjwa au nimepona?

Jibu

Marahaba binti yangu na hongera. Umezibwa tundu, moyo wako unafanya kazi, ila wewe ni mtu wa kliniki maisha yote na hilo hukuambiwa vizuri au uliambiwa ukiwa mdogo mama ndo alisikia. Wengi wanafanya kama ulivyofanya, wanapotea wakifika umri wa kuona haya kuvua shati mbele ya daktari, alafu wanarudi wakiwa na mimba ya miezi 7 wanahema. Kabla ya mahari na kabla ya mimba nenda ukapigwe eko, waangalie kiraka kama kinavuja, vali yaani milango ya moyo, nguvu za moyo, na presha ya mapafu hasa hiyo. Nenda na makaratasi ya India kama mama kayatunza.

Mimba inaongeza damu mwilini karibu nusu ya ile uliyonayo na moyo ndo unaibeba yote, ndo maana tunauliza kabla. Aliyezibwa tundu mapema na mapafu yake yapo sawa kwa kawaida anabeba na anajifungua vizuri, wengi kwa njia ya kawaida, ila hospitali kubwa yenye daktari wa moyo na wa uzazi, sio kwa mkunga nyumbani. Anayeambiwa presha ya mapafu iko juu sana huyo mimba ni hatari ya maisha yake kweli, na ni bora alijue leo akiwa na akili timamu na uzazi wa mpango mkononi kuliko kulijua leba. Mwenye vali ya chuma anayemeza dawa ya kuzuia damu kuganda asishike mimba bila kuongea na daktari, dawa ile inaweza kumuumiza mtoto, na asiiache mwenyewe pia.

Kumzalia mgonjwa. Mzazi asiye na shida uwezekano ni karibu mtoto 1 kwa 100, mzazi aliyezaliwa nayo unapanda kidogo, kwa kawaida kama 3 mpaka 5 kwa 100. Yani waliobaki 95 na zaidi wanazaliwa na moyo mzima. Ukiwa na mimba omba mtoto apigwe eko ya moyo akiwa tumboni, kuanzia wiki ya 18 hivi inaonekana.

Meno tafadhali. Piga mswaki mara mbili, jino bovu litibiwe, na kila daktari wa meno mwambie ulifanyiwa upasuaji wa moyo kabla hajagusa fizi, atajua kama unahitaji antibayotiki kwanza.

Na hao ndugu, mchukue mchumba wako kliniki akasikie mwenyewe daktari anavyoongea. Kovu muoneshe wewe, mwambie siku uliyopanda ndege ukiwa na miaka 8 ulikuwa umevaa nini. Akitaka kuoa ataoa na hilo.

Swali

Habari Mama Nesi, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Singida. Nina mwanafunzi wa darasa la nne alizibwa tundu mwaka juzi, mama yake kaniambia asifanye lolote, na mtoto mwenyewe analia anataka mpira. Nifanyeje?

Jibu

Mwalimu nzuri sana kwa kuuliza. Mwambie mama akuletee barua kutoka kliniki inayosema anaruhusiwa nini, maana mfupa wa kifua ukishaunga, kwa kawaida wiki 6 mpaka 8 hivi, na eko yake ikiwa safi, watoto wengi waliozibwa tundu wanaruhusiwa kucheza kama wenzao, na kumfungia ndani kunamfanya ajione mgonjwa wakati hayuko hivyo. Wako wachache wanaozuiwa michezo ya kushindana au kunyanyua vitu vizito, barua itasema. Ukiona anazimia akikimbia, kifua kinamuuma au anasema moyo unamdunda hovyo, muda huo huo asimame na mama ajue siku hiyo hiyo. Zaidi ya hapo kanuni ni moja, acheze, na akikaa chini mwenyewe asiitwe mvivu wala asikimbizwe na fimbo, mpe maji akae kivulini mpaka atakapoinuka.